Mkanda wa Akiba wa Duane

Arlys Tollefson alisimama mlangoni mwa gareji yake, mikono kaikunja kifuani, akimchunga shemeji yake kama mtu anayechunga paka jikoni. Merle, mdogo wa marehemu mumewe Duane, alikuwa amepiga magoti nyuma ya pikipiki. Alikuwa ameshatoa ekzosi, amelegeza shokapu ya kulia na kuvuta ekseli, na gurudumu la nyuma lilikuwa limelazwa sakafuni juu ya kipande cha boksi. Mkanda mbovu, ule wa mpira unaozungusha gurudumu badala ya mnyororo, ambao kokoto iliung'oa meno matatu, ulikuwa unaning'inia. Ilikuwa Alhamisi, na pikipiki ilitakiwa itembee Jumapili.

Jumapili hiyo ndiyo iliyokuwa ikimkosesha usingizi. Kila mwaka, theluji ikishayeyuka, waendesha pikipiki wa mji wao mdogo wa Wisconsin hukusanyika uwanjani mwa kanisa, mchungaji akaziombea pikipiki zao, kisha wote wakatoka kwa msafara. Kwa miaka thelathini Duane hakukosa hata mara moja, Arlys akiwa nyuma yake, ingawa naye alijua kuendesha. Novemba moyo wa Duane ukasimama. Ijumaa iliyopita, baa nzima ikila samaki wa kukaanga, mtu akatania kwamba pikipiki ya marehemu sasa imebaki ya kulalia kuku. Arlys akapandwa na hasira, akatamka mbele ya wote, "Jumapili nisipofika nayo, Merle aichukue!"

Merle akajibu, "Haya."

Alijibu upesi mno, hata mate hakumeza. Tangu siku ile, hiyo "haya" yake ilikuwa inamwasha Arlys masikioni.

"Nipe ule wa akiba," Merle akasema sasa.

Arlys akamletea. Mkanda huo Duane aliununua mwenyewe, akasema ni wa siku ile wa zamani utakapochoka. Baada ya mazishi Arlys aliutoa gareji akauhifadhi chumbani, kwenye kisanduku kimoja na saa na glavu za marehemu, ukiwa umefungwa utepe wa buluu wa maua ya msiba. Merle aliufungua utepe, akaupitisha mkanda vidoleni polepole. Akafika mahali akasita. Akarudi nyuma kidogo, akapapasa tena, kisha akainamisha macho.

"Siyo wenyewe huu, shemeji. Saizi yake siyo."

"Siyo kivipi? Pikipiki zenu si mlinunua siku moja, aina moja? Kwani Duane aliununua wa cherehani?"

"Dukani watakuwa walikosea. Nauchukua, nitakuletea mwingine."

"Nionyeshe basi panapopishana."

"Utaona nini, shem? Meno ni meno." Akaukumbatia mkanda, akaingia kwenye gari lake, huyo akaenda zake.

Arlys hakuwa mtu wa kulishwa maneno. Boksi ulimokuja mkanda lilikuwa bado juu ya rafu. Akalishusha, akachukua na kitabu cha pikipiki, akaweka miwani. Namba ya kwenye boksi na namba ya kitabuni zilikuwa zilezile, tarakimu kwa tarakimu. Alizisoma mara tatu. Njia ya mwongo ni fupi, naye Merle hakufika nayo hata barabarani.

Sasa kila kitu kikampangikia kichwani. Huyu mtu anataka pikipiki. Ameifungua gurudumu, ameondoka na mkanda, na anachosubiri ni Jumapili ipite. Ijumaa alimpigia simu, Merle akasema, "Unakuja, unakuja." Jumamosi asubuhi akapiga tena. "Unakuja, shem, tulia," na nyuma yake Arlys akasikia spana ikigonga chuma. Kikulacho ki nguoni mwako, Arlys akajiambia, na huyu alikuwa amekula mezani kwake kila Krismasi. Hakungoja tena. Akachukua funguo za gari na kile kitabu.

Mlango wa gareji ya Merle ulikuwa wazi. Pikipiki yake ilikuwa juu ya jeki, gurudumu la nyuma limetolewa, haina mkanda. Mwenyewe hakuonekana. Arlys akaangaza macho huku na huku, mpaka yakatua kwenye pipa la taka. Mkanda wa Duane ulikuwa umo ndani, umekatwa kwa msumeno vipande viwili.

Akaokota kipande kimoja. Alikuwa amemdhania mwizi, lakini hili la kukata hakuwa amelifikiria.

"Merle!"

Merle akatokea mlango wa nyumbani na kikombe cha kahawa. Alipoona alichoshika shemeji yake, akasimama palepale.

"Umeukata," Arlys akasema. "Namba ni ileile, nimeisoma! Kama unaitaka pikipiki si useme! Kaka yako hana hata mwaka kaburini!"

"Shemeji, kaa kwanza."

"Sikai! Uliukata ili iweje?"

"Ili usije mtu akaufunga." Merle akaweka kikombe chini. "Kipinde kidogo hicho kipande. Hapo karibu na kidole gumba chako."

Arlys akakipinda. Mgongoni mwa mkanda ulitokea mstari mwembamba, umenyooka kama pasi ya suruali. Shubiri chache mbele kulikuwa na wa pili.

"Ndani mna nyuzi," Merle akasema taratibu. "Ukiukunja mkanda, zinakatika, na ukiunyoosha, kwa nje hutaona kitu. Utatembea siku mbili, labda wiki, halafu unakatika uko kwenye mwendo. Duane angekwambia. Mimi nilidhani unajua."

Arlys akaangalia ile mistari. Umbali kati yake ulikuwa ni ule wa kisanduku cha saa na glavu. Miaka thelathini na nne alikuwa amemkunjia yule mwanamume mashati, suruali na soksi. Januari, mkanda ulipokataa kuingia kisandukuni, aliukunja mara mbili, akaubonyeza kwa kiganja, akaufunga utepe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeufunga ule utepe wa maua ya msiba, shem. Ningekwambiaje?"

Arlys akalia, kwa sauti, na aibu ikiwemo. Merle akageuka akajifanya anapanga spana. Juu ya meza yake, umezungushwa kwa uangalifu kwenye ndoo kubwa usije ukapindika, ulikuwepo mkanda mwingine. Ulikuwa umetumika lakini mzima.

"Wa kwako huo," Arlys akasema alipopata pumzi.

"Mpya utafika Jumatano. Jumapili iko kesho."

"Na wewe kesho utakwenda na nini?"

"Na gari."

"Thubutu!"

Waliufunga mchana huo, Merle akishika gurudumu na Arlys akikaza ekseli. Arlys mwenyewe alikagua mvutano wa mkanda mara tatu na nati zote mara nne, kwa sababu kumwamini mtu ni jambo moja na nati ni jambo jingine.

Asubuhi yake walipoingia uwanjani mwa kanisa, Arlys mbele na Merle na mwili wake wote nyuma, magoti yamechomoza kama ya panzi, waliokuwepo baa ile Ijumaa waliangua kicheko.

"Merle, mama kakupakia! Si ulisema 'haya'? Mbona hujaichukua?"

"Nichukue nini?" Merle akajibu kwa sauti, wote wasikie. "Pikipiki ni ya shemeji yangu. Mimi kanipa lifti."