Mtungi wa Kawaida

Chura alikuwa amezamia matangi, visima na mabwawa kwa miaka tisa, lakini hakuwahi kwenda kufanya kazi hiyo nchi ya watu bila mjomba wake. Mjomba ndiye aliyemfundisha kazi, ndiye aliyembandika binti huyo jina la Chura, na ndiye aliyekuwa akipanga mizigo. Safari hii masikio yalikuwa yamemgomea mzee, na daktari akamwambia maji yake sasa ni ya kuoga tu. Chura akaondoka peke yake, begi begani, kifua mbele.

Kazi yenyewe haikuwa ya kutisha. Bwawa linalonywesha mji mzima lilikuwa na wavu wa chuma chini, kwenye mdomo wa bomba, na pampu zilikuwa zinavuta kwa kukohoa. Wazamiaji wa huko walikuwa wawili. Mmoja kavunjika mguu, na kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Mmoja huzama, mwenzake hukaa ukingoni amevaa, tayari kuingia kumwokoa.

Saa tatu asubuhi injinia wa bwawa akazima pampu. "Mpaka saa sita," alisema. "Baada ya hapo wananchi watanila nyama."

Mitungi mitatu ilikuwa imesimama kwenye sakafu ya stoo, imejaa hewa. Chura akatoa regulata yake, kile kifaa kinachofungwa kwenye valvu ya mtungi kupunguza nguvu ya hewa ili mtu aweze kuivuta. Yake ilikuwa ya skrubu: unaizungusha mpaka ijikaze ndani ya valvu. Akainama, akatazama. Valvu zile zilikuwa za kibano. Kila moja ilikuwa na uso bapa na kitundu kidogo katikati, ikisubiri regulata ya kuvishwa kama pete na kubanwa kwa nyuma. Skrubu yake haikuwa na pa kuingia.

"Mliniandikia mitungi ni ya kawaida," alisema.

"Ni ya kawaida," alijibu mzamiaji mwenyeji, akishangaa kweli. "Hapa yote iko hivi."

Regulata ya mwenyeji ilikuwa ya kibano, lakini moja tu, na huyo ndiye mlinzi wa ukingoni. Huwezi kumvua mlinzi. Ya yule aliyevunjika mguu ilikuwa kwa fundi. Adapta ya Chura, kile kipande cha kuunganisha skrubu na valvu ya kibano, ilikuwa nyumbani, kwenye droo, imelala usingizi wa pono.

Injinia akatoka mbio, akarudi na kipande cha shaba. "Vijana wa karakana walichonga hiki mwaka juzi. Jaribu!"

Chura akakiweka kwenye skrubu yake. Kiliingia mizunguko miwili, kikaanza kucheza kama jino bovu. Akakichomoa.

"Kinaingia, nimeona," injinia alisema.

"Kuingia si kushika, bosi. Hewa ya mle ndani ina nguvu ya kurusha hiki kipande kikatoboa ukuta. Kikiniruka nikiwa chini, mtatafuta wawili wa kunitoa."

"Dada, mji hauna maji."

"Najua. Na mimi sina pafu la akiba."

Alisema kwa ukali. Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya zege, akapiga simu aliyokuwa anaionea haya.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Umeshakwama?"

Akamweleza yote. Mzee akacheka taratibu, bila kumcheka.

"Ya kawaida! Kawaida ya nani, mpwa wangu? Mimi yalinikuta hayo nikiwa na umri wako, nikarudi nyumbani bila kulowa hata ukucha. Kuuliza si ujinga. Sasa sikiliza. Chungulia kile kitundu. Ni duara, au kina pembe?"

"Sikuangalia."

"Basi kaangalie, usiniletee haya zako."

Chura akarudi stoo na tochi. Mtungi wa kwanza, duara. Wa pili, duara. Wa tatu ulikuwa mpya kuliko wenzake, na vumbi limeziba. Akapuliza, akamulika. Pembe sita.

"Kina pembe, Mjomba! Pembe sita!"

"Hicho ni kizibo tu, na hizo pembe ni za kutia ufunguo. Hewa kwanza ifungwe. Kikitoka, utakuta nyuzi za skrubu yako zinakusubiri."

Mama wa stoo, aliyekuwa akiandika muda wote nyuma ya meza yake, akavuta kopo la biskuti lililojaa funguo. Alitia mmoja, ukapwaya. Wa pili ukakaa. Kizibo kilizunguka kwa shida, kisha kikamdondokea kiganjani kama punje ya karanga.

Chura akapangusa nyuzi, akakagua ringi ya mpira, akazungusha regulata kwa vidole tu. Iliingia laini mpaka mwisho. Akafungua hewa pole pole, akapaka maji ya sabuni kwenye kiungo. Wote wanne wakainama kutazama. Hakuna povu hata moja.

Injinia akashusha pumzi kwa kishindo. Mama wa stoo akampiga Chura mgongoni. "Huu mtungi nimeuandikia ripoti mara mbili kwamba valvu yake si ya kawaida!"

Wakacheka mpaka mzamiaji mwenyeji akalazimika kuvua miwani yake.

Saa nne na nusu Chura alikuwa mita tisa chini, akivuta hewa tulivu. Wavu ulikuwa umezibwa na turubai na matawi. Alikata, akavuta, akapandisha vipande kwa kamba hadi chuma kikaonekana chote. Saa tano na dakika arobaini pampu ziliwashwa, na safari hii hazikukohoa. Alikuwa amekaa ukingoni, miguu majini, maji yakimchuruzika kidevuni, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akahisi njaa.