Skrubu ya Tatu

Kioo hakikupasuka; kilimwagika. Kilikuwa ubavu wa keisi ya kompyuta, kipande kimoja kizito na safi, na kufumba na kufumbua kikawa chembechembe juu ya meza, ndani ya mashine, mifukoni mwa aproni na chini ya viatu. Fundi alibaki amesimama, bisibisi mkononi, akiutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ndiyo kwanza anatambulishwa nao.

"Umeumia?" mkewe akauliza kutoka upande wa pili wa meza.

"Sijaumia."

"Nilikwambia ukaze taratibu."

Hilo la mwisho lilimtoka kabla hajalipima, na yeye alikuwa mtu wa kupima. Mumewe aliiweka bisibisi mezani. Aliinama akaanza kuokota chembe moja moja kwa vidole, kazi isiyokuwa na mwisho, mpaka mkewe akamletea ufagio.

Mtaa mzima wa maduka ya vifaa vya umeme ulimwita mwanamke huyo Milimita, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Wauzaji wengine humpa mteja keisi, wakampa na kipoza joto, wakamwombea heri. Milimita hakuuza hata feni kabla ya kujua itakaa wapi. Kila kifaa kilichokuwa kiingie ndani ya keisi alikitengenezea kwanza mfano wa kadibodi, kimo na upana uleule, akaipanga mifano hiyo ndani ya keisi tupu, akaufunga ubavu, akatikisa na kusikiliza. Kama hakuna kilichogusa, ndipo alipoagiza vyenyewe. Mumewe aliiita mifano hiyo wanasesere. "Umeshawalaza wanasesere wako?" humuuliza asubuhi, naye humjibu kwamba wanasesere hao ndio wanaomlisha, awape heshima yao. Ndivyo walivyogawana kazi tangu waifungue karakana: mke anapima, mume anafunga. Milimita hakuwahi kukosea, na hakuwa mtu wa kuwaacha watu wasahau jambo hilo.

Miezi ya karibuni mkono wa kulia wa mumewe ulikuwa umeanza kutetemeka. Haukuwa mtetemo wa kutisha. Lakini skrubu ndogo zilianza kumponyoka na kudunda sakafuni, na wote wawili wakajifanya viziwi. Daktari alisema hali itazidi, ila polepole, na kwamba kazi haimdhuru. Milimita alilishika neno hilo kwa mikono miwili, kazi haimdhuru, kwa sababu alimjua mtu aliyemwoa. Mtu huyu hakucheza bao, hakupenda baraza, na redio ilimchosha. Akiondoka mezani pale ataketi kwenye kiti cha sebuleni na hatainuka tena, na yeye Milimita atakuwa anarudi nyumbani kila jioni kumwangalia amekaa. Aliliogopa jambo hilo kuliko ugonjwa wenyewe.

Mlio ule wa kioo ulimleta shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye duka la simu la ukuta kwa ukuta. Alikuwa mtu mwema mwenye mdomo usio na breki.

"Kaka, pole. Nimedhani ni mlango wangu." Akatazama sakafu, akatazama mkono wa kaka yake, akamgeukia Milimita. "Shemeji, mimi sijui kuzunguka. Hili tumeliona linakuja. Tumtafutie kaka fundi kijana, yeye apumzike. Amefanya kazi vya kutosha, jamani."

Milimita alisubiri moto uwake. Mumewe alikuwa mtu wa kugombana nusu siku kwa sababu ya mahali pa kuweka ndoo ya takataka, na kuambiwa apumzike mbele ya mkewe kulikuwa tusi la kutosha wiki nzima. Badala yake alifungua kamba ya aproni, akaikung'uta chembe, akaikunja vizuri.

"Amesema kweli," akasema. "Leo kioo. Kesho nitamvunjia mtu bodi ya kompyuta."

Kisha akazifuta bisibisi zake ndogo, akazipanga ndani ya mfuko wake wa ngozi kwa ukubwa, akamkabidhi mdogo wake. "Zitakufaa kwenye simu zako." Akatoka. Ulaini huo ulimtia Milimita baridi. Kama angefoka, angejua la kufanya.

Mashine yenyewe ilikuwa ya Msomaji, mama mmoja aliyerekodi vitabu kwa sauti kwa ajili ya watu wasioona. Alisomea chumbani mwake, kipaza sauti mezani na kompyuta pembeni, na kompyuta ile ya zamani ilinguruma kiasi kwamba kila sura ya kila kitabu ilikuwa na upepo ndani yake. "Nataka mashine isiyopumua," alikuwa amewaambia. Dawa yake ni kipoza joto kikubwa: mnara wa mbavu nyembamba za chuma unaokaa juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, na feni pana iliyobanwa ubavuni mwa mnara huo, inayozunguka bila haraka. Keisi hawakuichagua wao. Msomaji aliletewa zawadi na kaka yake, yenye ubavu wa kioo, naye hakutaka kusikia habari ya nyingine. Kwa hiyo Milimita aliwalaza wanasesere, akafunga, akatikisa. Kimya. Kinaingia, akamwambia mumewe, na nafasi kidogo inabaki.

Sasa alikuwa peke yake na brashi, akizitoa chembe katikati ya nyaya. Zilikuwa zimeenea kila mahali, lakini juu ya waya ulioibana feni zilikuwa zimegandana zaidi, nyingine zimesagika unga. Alizitazama kitambo. Kisha, bila ya kutaka kujua anachotafuta, akachukua rula yake ya chuma akailaza kutoka mdomo mmoja wa keisi hadi wa pili, pale kilipokuwa kioo.

Rula haikulala. Iliegemea feni, ikayumba.

Akachuchumaa mpaka jicho likawa sawa na meza. Feni ilikuwa imepanda juu kuliko mnara wake. Chini yake vilisimama vijiti vya kumbukumbu ya kompyuta, vile virefu vyenye vishungi vya chuma kama vya jogoo, na hapo feni isingeweza kushuka hata kwa dua. Hapo ndipo kumbukumbu yake mwenyewe ilipomfikia. Wanasesere aliwalaza na vijiti vifupi. Msomaji alipiga simu baadaye, akaomba aongezewe kumbukumbu, na yeye Milimita, kwa mkono wake, alitoa vile vifupi kabatini akaweka virefu. Hakuwalaza upya. Hakuona haja, alikuwa ameshapima.

Alihisi uso unamchoma ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Kurekebisha kulikuwa kazi ndogo mno. Aliifungua feni, akaihamishia nyuma ya mnara ambako hakuna kitu chini yake. Badala ya kuusukuma upepo, itauvuta. Rula sasa ikalala tuli. Alizipangusa chembe za mwisho kwenye waya. Kwa macho ya mtu yeyote, mashine ilikuwa imefungwa sawasawa tangu mwanzo, na ni mkono wa fundi uliokosa.

Na mawazo yakaja, yamevaa vizuri. Mkono utatetemeka tu, useme usiseme. Kioo kimeshakwenda. Watu huja karakanani hapa kwa sababu Milimita hakosei. Ukilivunja jina hilo, mmevunjikiwa wote wawili. Isitoshe amekubali mwenyewe, kwa amani. Aliyasikiliza mpaka mwisho, na kilichomuumiza ni kwamba hayakumchukua muda kuyatunga. Yalikuwa tayari.

Msomaji aliingia akiwa na shemeji nyuma yake, na kwa sura yake tu ilijulikana kwamba shemeji ameshampa habari barazani.

"Pole, mama," Msomaji akasema. Alikuwa na sauti iliyofanya hata pole iwe kitu cha kusikilizwa. "Nimeambiwa mkono wa mzee unamsumbua. Mwambie asiwaze kabisa. Umri ndivyo ulivyo."

"Ndiyo hivyo," shemeji akadakia. "Tumeshakubaliana, anapumzika."

Milimita alikuwa anafuta rula kwa kitambaa. Aliendelea kuifuta ingawa ilikuwa safi.

"Si mkono wa mume wangu," akasema. "Ni mimi. Nilibadilisha vijiti nikaacha kupima upya. Feni ikapanda ikazidi kioo. Hata angefunga malaika, kingevunjika."

Shemeji alicheka, akadhani ni utani wa kumtetea mume. Alipoona hacheki mtu, akaacha.

"Wewe?" akauliza.

"Mimi. Na nipe bisibisi za kaka yako."

"Shemeji, amenipa mwenyewe."

"Amekupa kwa kosa langu. Lete."

Akaenda kuzileta, na kwa mara ya kwanza katika ushemeji wao alikwenda kimyakimya. Msomaji alikuwa anamtazama Milimita kwa udadisi, kichwa kimeinama kidogo.

"Kumbe na wewe hukosea."

"Inaelekea."

"Afadhali," Msomaji akasema. "Mwezi mzima nina maswali kuhusu mashine hii, nilikuwa naogopa kukuuliza."

Alisema bila ubaya wowote, na huenda ndiyo sababu neno hilo lilimwandama Milimita njia nzima ya kurudi nyumbani. Alipitia kwa fundi vioo, akamwachia vipimo vya ubavu mpya, wa plastiki ngumu angavu maana kioo cha namna ile hakikatwi mtaani, akamwomba amtobolee na matundu ya skrubu. Alivipima vipimo vile mara mbili. Kisha akampa rula fundi vioo, akamwomba apime na yeye.

Mumewe alikuwa jikoni anamenya viazi. Maganda yalikuwa manene, na sufuria ilikuwa na viazi vingi kuliko watakavyoweza kula watu wawili. Milimita alikaa kwenye kigoda mbele yake, akauweka mfuko wa bisibisi kati yao, akamweleza yote: vijiti, feni, rula iliyoyumba. Hakujitetea. Aliogopa akianza kujitetea atafanikiwa.

Mumewe aliendelea na kiazi chake mpaka akakimaliza.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Feni niliiona imepanda. Nikafunga skrubu ya kwanza, ya pili. Ya tatu, kioo kikaanza kukataa. Unakisikia vidoleni, kinasukuma."

"Sasa kwa nini ukaendelea?"

Alimtazama mkewe kwa mshangao wa kweli, kama aliyeulizwa kwa nini huvua viatu kabla ya kulala.

"Si ulisema kinaingia?"

Miaka yote ambayo Milimita alijisifu kwamba neno lake halipingwi ilimrudia pale kwenye kigoda, na hakuna hata mmoja alioutaka. Machozi yalimjia, hakuyaficha wala hakuyapa nafasi.

"Na ulipomwachia mdogo wako bisibisi? Ukanyamaza vilevile?"

"Nilidhani labda ni mkono unaonidanganya. Mkono wenyewe huu." Aliuinua, ukatetemeka kati yao, ncha ya kisu ikichora vijiduara hewani. "Hili hukulipima vibaya, mama. Hili ni kweli."

"Najua ni kweli."

"Basi."

Milimita alichukua kisu cha pili, wakamenya viazi vilivyobaki vyote, ingawa havikuwa na kazi.

Asubuhi mumewe alivaa viatu alipomwona mkewe anavaa vyake. "Nakusindikiza tu," akasema, asije akaeleweka vingine. Njiani walipitia kwa fundi vioo wakauchukua ubavu mpya. Karakanani hakuigusa aproni. Alisimama karibu na mlango, mikono nyuma, kama mteja aliyekuja kuuliza bei akasahau anachotaka.

Milimita aliipachika plastiki mahali pake. Ilikuwa nene kidogo kuliko kioo, lakini alikuwa ameshaipigia hesabu, na rula ilikuwa imeshasema nafasi ipo. Alichukua bisibisi moja kutoka kwenye mfuko wa ngozi.

"Njoo uweke mkono hapa," akasema.

"Upi?"

"Uliozoea kazi."

Alisita. Kisha akaja, akauweka mkono wa kulia katikati ya ubavu ule, kiganja chote, vidole vimetandazwa. Ulitetemeka, na plastiki ikatetemeka nao kwa sauti ndogo sana. Milimita akaanza kukaza. Skrubu ya kwanza ikaingia mpaka mwisho. Ya pili ikaingia mpaka mwisho. Alihamia kwenye ya tatu, akazungusha taratibu, jicho lake likiwa kwenye kichwa cha skrubu na pengo lililobaki chini yake, unene wa ukucha, pengo ambalo kwa kila kipimo anachokijua lilikuwa bado lina ruhusa ya kufungwa.

"Hapo," mumewe akasema.

Milimita alitazama pengo. Akautazama uso wa mumewe, uliokuwa umeinama kusikiliza kitu ambacho yeye hakukisikia. Neno la kubisha lilikuwa limeshafika ulimini. Akalimeza, akaitoa bisibisi, akahamia kwenye skrubu ya nne.

"Na hii niambie," akasema.