Tundu la Mgeni

Kuna watoto wanaouliza maswali mpaka wazazi wanatamani kujiziba masikio. Huyu wetu aliuliza kwa mdomo na kwa pua vilevile. Kitabu kipya, kitenge cha shangazi, ukuta uliolowa mvua, vyote alivinusa kwanza ndipo akatulia. Baba yake akambandika jina la Pua, na jina likamganda mpaka leo, mtu mzima mwenye miaka thelathini na ushei.

Siku hiyo Pua alikuwa na muda mpaka saa tisa alasiri tu, basi. Baba, fundi wa shaba, alikuwa amefariki mwaka uliopita, na kwenye banda la nyuma aliacha mtambo wa kutolea mafuta ya majani, alioufua kwa mikono yake mwenyewe. Ulikuwa na pipa la kuchemshia, bomba refu lililojiviringisha ndani ya tangi la maji baridi, na mwishoni mtungi wa kupokea kinachodondoka. Kaka mtu, fundi wa matofali, alilitaka banda lile kwa mashine yake. Mchaichai wote wa baba ulikuwa umekauka, sasa mtambo wa nini? Akaongea na mnunuzi wa vyuma chakavu. Pua akagomba, akalia, akanuna siku tatu nzima, hadi kaka akasalimu amri nusu.

"Nakupa siku moja," alisema. "Toa mafuta, hata kikombe kimoja, mtambo ubaki. Ukishindwa, saa tisa unakatwa, na kilio sitaki kukisikia."

Majani Pua alikuwa nayo. Nyuma ya uzio kulikuwa na midalasini sita ambayo baba aliipanda na hakuwahi kuivuna, maana alifariki ikiwa imemfika kifuani. Sasa ilikuwa imempita Pua kimo. Alifikicha jani moja, akanusa, akakunja uso. Ajabu! Gome la mti lilinukia mdalasini, lakini jani lilinukia karafuu. Mti mmoja, harufu mbili! Angeweza kusimama pale mpaka jua lizame akilishangaa jani hilo, lakini saa haikuwa na mpango wa kumsubiri.

Alfajiri akawasha moto. Kazi aliijua, aliifanya na baba tangu utotoni. Mvuke unapanda, unapita kwenye bomba, unapoa, unadondoka mtungini maji na mafuta pamoja. Mafuta yanaelea juu. Chini ya mtungi kuna koki; unaifungua kidogo, maji yanatoka, unajaza ndoo, unamwaga. Mwisho wa kazi unabaki na mafuta yako. Kwa mchaichai ilikuwa hivyo, kwa mkaratusi ilikuwa hivyo.

Ila mtungi ule ulikuwa na kioja chake. Karibu na shingo ulikuwa na tundu jingine, limezibwa kwa kizibo cha mti. Miaka michache nyuma, lilipotobolewa, Pua aliuliza wee, tundu hili la nini? Baba alikuwa akicheka. "La mgeni hilo. Akija, utamfungulia." Kaka, aliyemshikia baba mtungi siku ya kuutoboa, alikuwa na maelezo yake: mzee alikosea kupima, akaona aibu, akaziba.

Ndoo ya kwanza ikajaa. Mama akaichukua kudekia, kwa sababu maji yale yanayonukia ndani ya nyumba hii hayamwagwi bure. Ikajaa ya pili, na ya tatu. Nyumba nzima ikanukia mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta kuuliza kunapikwa nini. Saa sita Pua akachungulia mtungini. Maji matupu, meupe kidogo. Saa saba, vilevile. Akaingiza kijiko, akakitoa, akakigeuza juani. Hata tone la mafuta hakuna!

Harufu iko, tena imejaa tele. Mafuta yako wapi? Harufu haitoki hewani tu kama uvumi, lazima iwe na mwenyewe.

Kaka akaja saa nane, mikono mfukoni. Akachungulia, akatikisa kichwa.

"Dada yangu, unachemsha supu ya majani. Usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa, na hayo mafuta yenyewe hakuna."

"Bado saa moja."

"Haya. Nusa hiyo saa moja."

Pua akasukuma kuni motoni. Alikuwa na hasira, na zaidi ya hasira alikuwa na uchungu wa baba, maana kuuona mtambo ule unakatwa ingekuwa kama kumzika mara ya pili.

Hapo mama akatokea mlangoni, ndoo mkononi, amefura.

"Nyie! Maji gani haya? Mikono inaniwasha kama nimeshika pilipili! Sakafu inateleza, nimeponea chupuchupu kuvunja kiuno. Maji ya mchaichai ya baba yenu hayakuwa hivi."

"Inateleza?" Pua aliuliza.

"Inateleza! Na ndoo nimeisugua mpaka nimechoka, chini imeganda mafuta."

Pua aliinyakua ndoo, nusura amwangushe mama. Akamwaga maji ya juu polepole. Chini kabisa, kwenye pembe ya plastiki, kulikuwa na matone mazito ya manjano, yamelala kimya. Akayagusa, akanusa. Karafuu! Akamimina maji safi juu yake na kutikisa. Matone yakapanda, yakahangaika, kisha yakazama tena moja moja.

"Yanazama," alinong'ona. "Haya ni mazito kuliko maji. Koki ya chini… jamani, tangu asubuhi nafungua koki namwaga mafuta, nabakiza maji!"

Aligeuka kuutazama mtungi. Akaliona lile tundu karibu na shingo: njia ya maji kutokea juu, mafuta yabaki chini.

Akafunga koki ya chini, akang'oa kizibo. Kiling'ang'ania, kisha kikatoka na vumbi la miaka. Mtungi ulipojaa, maji yakaanza kutokea juu, taratibu, yakidondoka ndooni. Akachochea moto. Mnunuzi wa vyuma chakavu akafika kabla ya saa na msumeno wake, akauegemeza ukutani, akabaki kakodoa macho.

Saa tisa kasoro dakika tano Pua akaweka kikombe chini ya koki, akaifungua. Yakatoka mafuta, ya manjano, mazito, bila haraka. Kikombe kikajaa.

"Kumbe!" Mama alijishika kiuno. "Asubuhi nzima nimedeki nyumba kwa mali ya mume wangu!"

Mnunuzi alicheka kwa sauti. Kaka hakucheka. Alikiokota kizibo, akakigeuza vidoleni.

"Nilimwambia amekosea," alisema. "Mbele ya watu. Nikamcheka. Na yeye akaendelea kukichonga hiki kizibo, hakunijibu."

"Miche ya midalasini ilikuwa bado kwenye vikopo wakati ule," Pua alisema. "Alikuwa anaisubiri."

Kaka akakitia kizibo mfukoni, akaenda ukutani, akamrudishia mnunuzi msumeno wake mkononi. Halafu akachuchumaa mbele ya moto, akasukuma kuni ndani, akafuta macho kwa kiganja, akasingizia moshi.

"Majani mengine yako wapi?" aliuliza.