Pale Otha Alipoiweka Besi

Debe tupu haliachi kuvuma, husema watu. Otha Pettiford alikuwa debe lililojaa pomoni, na ndilo lililovuma. Alijaa vumbi la kiwanda cha chuma, magoti mabovu, na safari za kulala ameketi garini; na kila alipofungua kinywa, viti vya mbele vilitetemeka. Watu wa Baltimore ya magharibi walisema sauti yake huisikii kwa masikio, inakupanda kwa nyayo.

Alianza kuimba kwenye ngazi nyeupe za nyumba ya shangazi yake, mtaa wa Druid Hill, yeye na wenzake wanne, ndevu bado hazijaota. Mwaka ule kila kundi lilijipa jina la ndege, nao wakajiita Chiriku. Otha, mwenye besi, ile sauti nzito ya chini, akawekwa mwisho wa mstari, karibu na pazia, na hapo ndipo alipozeekea. Santuri yao ya kwanza ilitikisa mji. Ya pili haikumwamsha hata paka. Picha ya jalada ilimkata bega. Wenzake wawili walikufa. Yeye alioa, akayeyusha chuma siku za kazi, na Jumamosi akavaa koti la rangi ya maziwa kwenda kuwaimbia watu waliobusiana zamani kwa wimbo ule mmoja wa santuri ya kwanza. Hakulalamika. Alichoka tu, uchovu usiotoka kwa usingizi.

Wimbo wenyewe hauna ala. Kinanda kinanyamaza, gitaa linanyamaza, besi anaanza peke yake: dum, dum, di-dum. Pale anapoiweka sauti yake ndipo wengine wanapojenga. Akiiweka juu, wote juu. Akiiweka chini, wote chini. Ikishawekwa, hakuna wa kuihamisha mbele za watu, kama vile hakuna ahamishaye msingi nyumba ikiwa imeezekwa.

Jumapili moja alasiri, nyuma ya ukumbi wa tamasha la nyimbo za zamani, Alonzo Tribbett alimvuta kando ya meza ya vitumbua vya nyama ya kaa. Tribbett aliimba sauti ya pili, na siku hizi ndiye aliyeliendesha kundi.

"Kaka, leo uanzie palepale pa kwenye santuri. Juu."

"Lem hapafiki na ile sauti yake ya kwanza."

"Najua hapafiki! Ndiyo maana mwenye tamasha kamleta Clifton Boykin kutoka Filadelfia. Jamaa ana koo kama filimbi. Atasimama nyuma. Lem akikatika, Clifton anadaka. Watu wakishaona kwa macho yao, ubishi umekwisha, na majira yote ya joto tunazunguka na Clifton."

"Lem umemwambia?"

"Ataambiwa na koo lake."

Otha alitafuna kitumbua chake pole pole. Alifuta vidole akaenda chumba cha kuvalia.

Chumbani, Lemuel Gaskins, sauti ya kwanza ya Chiriku tangu zile ngazi, alikuwa mbele ya kioo akichana masharubu.

"Wee Otha! Unasinzia umesimama kama farasi wa muuza mboga!"

"Magoti, ndugu yangu."

"Magoti hayaimbi, bwana. Leo ile sauti ya juu nitaishika mpaka wale akina mama wa kanisani warushe kofia. Koo langu halijashuka hata unywele tangu tulipokuwa ngazini. Wewe shahidi yangu."

"Mimi shahidi yako," Otha alisema.

Alikuwa shahidi kweli. Tangu Lem alipomzika mkewe, Ernestine, sauti yake ilianza kupasuka huko juu, na Otha akaanza kuushusha wimbo. Kidogo leo, kidogo mwakani, kama mtu anayeteremsha kitanda cha mgonjwa asimwamshe. Tribbett alijua akanyamaza. Lem hakujua, au hakutaka kujua.

Taa zikawaka. Clifton alisimama nyuma yao, mikono mgongoni. Otha angeweza kuiweka pale alipoagizwa, na nani angemlaumu? Angeimba, angeenda nyumbani, angetia miguu kwenye maji ya chumvi. Aligusa kifua kwa kidole, kama kawaida yake, akaiweka besi chini, chini kuliko alivyowahi kuiweka maishani, mpaka akahisi inamkwaruza tumbo.

Tribbett aligeuza shingo. Alikuwa amechelewa. Ilibidi aingie humohumo.

Lem aliimba. Alipofika ile ya juu aliishika, akaishika, na bibi mmoja wa safu ya mbele akavua kofia yake akaipunga huku machozi yakimtoka. Clifton hakupata cha kudaka. Aliitikia na wenzake kwa adabu.

Nyuma ya pazia Tribbett alilipuka.

"Umenivua nguo! Miaka yote unaishusha nikakuacha, leo nimekuomba kitu kimoja!"

Lem alikuwa akijifuta jasho. Taulo likasimama shavuni. "Anashusha nini?"

"Wimbo, usikushinde," Tribbett alisema. Lem akamgeukia Otha.

"Tangu lini?"

"Tangu Ernestine."

Lem aliketi juu ya sanduku la nguo. "Kumbe nabebwa mgongoni kama mtoto mchanga, nami najisifu. Ungeniacha nianguke kwa miguu yangu, Otha. Nani alikutuma?"

"Hajatumwa na mtu, ana kiburi tu!" Tribbett alisema. "Sasa sikiliza, mzee. Mwombe radhi mwenye tamasha, uniombe na mimi. Ukikataa, hilo gari la kesho hupandi."

"Na mimi," Lem alisema bila kumtazama. "Uanzie kwangu."

Otha aliinama kwa taabu akafungua kamba za viatu, kimoja, kisha kingine. Vidole vya miguu vilikuwa vimevimba.

"Gari endeni nalo," alisema. "Radhi siombi. Si kwako, Alonzo. Na kwako, Lem, ndiyo kabisa siombi; ndugu haombwi radhi kwa kubebwa."