Dakika Nne za Dirishani

Madereva walinibatiza Mama Subiri, na si kwa mapenzi. Miaka kumi na miwili nilikaa kwenye kibanda cha njia ya malori nikikata tiketi za ushuru wa barabara, na hakuna lori lenye mzigo lililopita dirishani kwangu chini ya dakika nne. Nilitafuta chenji iliyokuwa mkononi. Nilipoteza kalamu iliyokuwa sikioni. Walinitukana matusi ya kila aina, nami nikajifanya kiziwi.

Nilifundishwa hivyo na mama aliyenipokea kazini. Kituo chetu kiko kwenye kipande kifupi cha tambarare, katikati ya miteremko miwili. Lori hushuka mteremko wa kwanza likafika kwetu breki zimechemka, harufu yake inakufikia kabla dereva hajashusha kioo. Ukilisimamisha, breki zinapoa kidogo. Na likiondoka linaondoka na gia namba moja, linateremka taratibu mpaka chini kwenye daraja, penye soko. "Chenji haipatikani mpaka harufu iishe," aliniambia siku ya kwanza. Haikuandikwa popote. Bosi angejua, tungefukuzwa wote, maana tuliajiriwa kupitisha magari, si kuyachelewesha.

Halafu wakaja wataalamu na saa zao za kupimia. Mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, kwa nini lori moja linakuchukua dakika nne?" Nikaogopa kibarua changu kuota nyasi. Nikamjibu, "Chenji, mwanangu. Chenji inasumbua." Akaandika. Nakumbuka mpaka rangi ya kalamu yake.

Basi wakaleta mtambo usiohitaji chenji. Gari linabandikwa kibandiko kwenye kioo cha mbele, kamera inakisoma kwa mbali, kizuizi kinainuka chenyewe. Magari madogo yalianza wiki iliyopita. Leo ilikuwa zamu ya malori. Mimi nilihamishiwa chumba cha juu chenye vioo na kiyoyozi, mbele ya skrini sita, pamoja na fundi wa mtambo. Kibandiko cha kwanza cha lori nilikibandika kwa mkono wangu, Jumapili, kwenye lori la Baba Watoto, mume wangu. Nilikipangusa kwa upindo wa gauni langu. "Sasa hakuna wa kukununia dirishani," nilimwambia, tukacheka.

Lori la kwanza lilipita saa nane mchana. Kizuizi kikainuka, likapita bila kupunguza mwendo, fundi akapiga makofi. Mimi nikavuta pumzi kwa mazoea. Sikusikia harufu yoyote isipokuwa ya zulia jipya. Nikageukia skrini ya sita, ya kamera ya darajani. Lori likatokea kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwenye ule mteremko, moshi unafuka magurudumu ya nyuma, watu sokoni wanatawanyika na mabeseni yao. Lilivuka daraja, likapanda mlima wa upande wa pili, na mlima ndio uliolisimamisha. Hakuna aliyeumia.

"Funga njia ya malori," nilimwambia fundi.

"Kwa sababu gani, mama?"

Nikamweleza. Maneno yalitoka yakigongana, nikarudia la breki mara mbili na la gia nikalisahau mpaka mwisho. Akanitazama vile mtu anavyomtazama mgonjwa wa homa.

"Mbona kwenye ripoti mlisema ni chenji?"

"Nilidanganya."

Akachukua simu. "Mimi sina ruhusa ya kufunga njia. Ngoja niwapigie makao makuu." Akapiga. Wakamwekea muziki.

Hapo ndipo skrini ya kwanza, ile ya kamera ya kona ya juu ya mteremko, ilipoonyesha lori la buluu lenye turubai la kijani. Turubai lilikuwa na kiraka cheusi. Kile kiraka nilikishona mimi, sebuleni, watoto wakinishikia ncha. Chini yake kulikuwa na tani thelathini za saruji.

Nikampigia simu. Baba Watoto hapokei simu akiwa kwenye usukani; nilimwapisha hivyo mimi mwenyewe, mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa. Iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena.

Kutoka ile kona mpaka kwenye kizuizi ni dakika mbili. Mtambo una jambo moja tu linalozuia kizuizi kuinuka, tulifundishwa kwenye semina: gari lililoripotiwa kuibwa. Unaandika namba, unabonyeza kitufe chekundu, basi. Namba yake naijua kuliko umri wangu. Lakini niliogopa kubonyeza kama nilivyoogopa kutobonyeza. Alikuwa anakuja akiamini njia itafunguka. Kama breki zimeshakufa, nilikuwa namfungia mlango usoni. Nikiuacha wazi, kuna daraja.

Niliandika, nikakosea. Nikafuta, nikakosea tena. Mara ya tatu nikabonyeza.

Kizuizi hakikuinuka. Nilisikia honi yake kupitia vioo, ndefu, ya mtu asiyeelewa. Pua ya lori iliinama, ikainuka, ikainama. Magari madogo yalikwepa pembeni. Bampa likagusa kizuizi, likakikunja polepole mpaka kikalia, na hapo likasimama.

Nilishuka ngazi bila viatu. Mlangoni tu harufu ikanipiga usoni, kali. Baba Watoto alikuwa ameruka chini, mishipa imemtoka shingoni.

"Nani kafunga? Mtambo gani huu wa kuua watu?"

"Mimi. Nimekuripoti umeiba lori."

"Umefanya nini?"

"Nusa, Baba Watoto. Nusa kwanza, halafu unipige ukitaka."

Hajawahi kunipiga, wala hakuanza leo. Aliinama kwenye gurudumu la nyuma, akasogeza kiganja, akakirudisha haraka. Kisha akatazama mbele, barabara inapoanza kuinamia darajani. Alikaa kitako kwenye lami, mtu mzima na tumbo lake.

"Kanyagio limezama mpaka chini," alisema. "Nimesimama kwa gia na breki ya mkono. Kwenye kona ya mwisho lilikuwa laini kidogo, nikasema ah, nimeshafika tambarare, na leo sisimami. Nisingelikanyaga tena hapa. Ningejulia kule chini."

Nikakaa kando yake kwenye lami, juani.

Fundi alichungulia dirishani juu, simu sikioni. "Mama, makao makuu wanauliza foleni ya nini. Wanasema nifute ile taarifa ya wizi, apite."

Nyuma yetu yalikuwa yamesimama malori matano, kila moja likifuka. Baba Watoto aliyahesabu kwa kidole. Akatoa ufunguo mfukoni, akaniwekea mkononi, akanifumba vidole kimoja kimoja.

"Mwambie lori ni la wizi," alisema. "Haliondoki mpaka askari waje."

Lori la sita likafika, likasimama, dereva akaanza kututukana.