Alama Niliyoiongeza kwa Chaki

Hakuna mwanamke aliyejifunza hesabu za sekondari dirishani kama mimi. Haya, niseme ukweli: nilijifunza ubao tu. Kazi yangu pale shuleni ilikuwa kufagia na kufuta.

Mwaka mmoja mtoto wa kaka yangu alishikwa na homa, akakosa mtihani wa kuingia darasa maalumu la hesabu. Mwalimu akamwandikia swali moja ubaoni, aje alifanye asubuhi peke yake: x² + 2x − 3 = 0, mizizi mingapi? Jioni tambara langu likapita pembeni, likala alama ya kutoa. Nikaona pengo. Nikaokota chaki, nikaweka ya kujumlisha, kwa kuwa nyuma yake ilikuwapo nyingine, nikaona zinapendeza zikifanana, kama vifungo vya shati.

Asubuhi mtoto akaandika kwenye karatasi: hakuna mzizi. Mwalimu akasahihisha kwa daftari lake: ni miwili, moja na hasi tatu. Kufikia hapo ubao nilikwisha kuufuta wote. Mtoto hakubisha hata neno. Nafasi ikaenda kwa mwingine, yeye akaenda kujifunza cherehani. Mimi nikameza ulimi, miaka ishirini na mitatu.

Juzi nilikaa kwenye kibanda cha ushonaji cha mtoto yule, sasa mtu mzima, akimfundisha bintiye hesabu, pini mdomoni. Namba ya kati, alisema, izidishe kwa yenyewe, kisha toa nne mara namba ya kwanza mara namba ya mwisho. Ikibaki chanya, mizizi miwili; sifuri, mmoja; hasi, usijisumbue kuitafuta. Nikahesabu vidoleni kwa alama yangu: nne, toa kumi na mbili. Hasi nane. Kumbe mtoto alipata.

Bintiye akauliza kwa nini hakuwa mwalimu. Akacheka, akasema hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyomthibitishia kuwa kichwa chake ni boga. Kicheko kile kilinichoma. Nikataka kumpoza bila kujitaja, mjanja mimi.

"Si kichwa, mwanangu. Ni homa ile. Ndiyo iliyokuonyesha alama ya kujumlisha mbele ya tatu."

Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazipanga mezani.

"Shangazi," akasema, "sijawahi kumwambia mtu yeyote niliona alama gani."