Bodi Iliyonipima kwa Salamu

Kijiti cha kiberiti kiliparuza gizani, kikavunjika. Cha pili kikaparuza, kikaniponyoka na kuanguka sakafuni. Nilikuwa bado nakipapasa cha tatu niliposikia miguu midogo ikishuka kitandani. Elsie, binti yangu wa darasa la kwanza, akakitoa kiberiti mkononi mwangu bila kuniuliza kitu, akawasha koroboi, akarudi kulala.

Hivyo ndivyo asubuhi zangu zilivyokuwa mwaka ule. Ugonjwa wangu ni wa asubuhi. Naamka vidole vimejikunja na kukazana kama vya mtu mwingine aliyeniazima mikono yake mibaya, na magoti hayataki kusikia habari ya kusimama. Jua likipanda sana vinalegea kidogo. Naweza kushika kikombe nikitumia mikono miwili, naweza hata kufunga kitambaa kichwani, na mtu akiniona saa nane mchana ataapa kwamba sina neno. Daktari wa hospitali kubwa aliuita jina refu ambalo nimejifunza kuliandika. Watu wa mtaa wetu wa Obunga waliuita baridi yabisi. Kiwanda kiliuita uvivu.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha samaki. Nilikata minofu ya mbuta, mikono ndani ya barafu tangu kuingia mpaka kutoka, ili watu wa Ulaya wale samaki asiye na mwiba. Minofu ilipanda ndege. Sisi wa Obunga tuliletewa mgongo wazi, yaani kichwa, mifupa na mkia, tukakaanga tukashukuru. Vidole vilipoanza kuvimba msimamizi aliniambia nivae glavu. Vilipokataa kushika kisu aliniambia nivae viatu niende nyumbani.

Lakini kila mwezi walikuwa wamenikata mshahara kwa ajili ya mfuko wa wafanyakazi, na sheria ya mfuko ilisema kwamba mtu akishindwa kabisa na kazi kwa sababu ya ugonjwa, apewe akiba yake kabla ya uzee. Niliisoma mwenyewe, maana nilikuwa nasoma darasa la jioni pale kanisani, na mtu wa darasa la jioni husoma kila kitu, hata karatasi iliyofungiwa mandazi. Akiba hiyo ndiyo ingetubakiza mjini. Walter, mume wangu, ni fundi wa baiskeli, na baiskeli za Obunga huharibika kila siku ila wenyewe hulipa wanapokumbuka. Bila ile akiba chumba kingetushinda, na mimi na Elsie tungerudi kwa wazazi wangu Awasi, yeye aache shule, mimi niache darasa langu. Nilikuwa nimebakiza kidogo sana kufanya mtihani. Sikutaka kurudi.

Ila kabla ya mfuko kufunguka ilibidi uketi mbele ya bodi. Bodi ilikuwa ya wanaume watatu waliokuja kuthibitisha kwamba mgonjwa ni mgonjwa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Ogola, mtu mkubwa wa huku huku kwetu, mwenye tumbo la vikao vingi. Katibu alikuwa Bwana Bildad, aliyehamishiwa Kisumu kutoka Murang'a na ambaye alilalamikia joto letu kana kwamba tumelipika sisi. Wa tatu alikuwa daktari kijana, jina lake Wakhisi, ambaye kazi yake, kwa nilivyoiona mara ya kwanza, ilikuwa kutazama karatasi zake na kutoinua kichwa. Waliwaita wagonjwa asubuhi, wao wenyewe wakaanza na chai, kisha mkutano kuhusu chai, kisha chakula cha mchana. Walipokuwa tayari kuutazama ugonjwa wangu, ugonjwa wangu ulikuwa umechoka kungoja.

Isitoshe, mara ile ya kwanza nilikwenda nimependeza. Kwetu mtu haendi ofisini kama aliyetoka kulima. Ukiitwa na wakubwa, ukoo mzima umeitwa. Jirani yangu Maximilla, Mama Tom, aliniletea viatu vyake vya kanisani. Waceke, anayeuza mitumba karibu na reli, alinipa gauni la bluu lenye kola nyeupe, akaniamuru nisiketi mahali penye vumbi kwa sababu lina mteja. Mwingine akaleta mkoba. Walinipaka mafuta, wakanichana, wakanigeuza mbele na nyuma, na Maximilla, ambaye huniita Nyar Awasi kwa sababu mimi ni binti wa Awasi, akasema sasa hata wakitaka kuninyima wataona haya.

Niliingia. Mzee Ogola akanyanyuka nusu, akaninyooshea mkono.

Mkono wa mzee haukataliwi. Hilo nililijua kabla sijajua kuhesabu. Niliupokea kwa mkono wa kulia, nikashikilia kiwiko changu kwa wa kushoto, nikainama. Naye akanibana kama watu wakubwa wanavyobana, akanitikisa, akaniuliza habari za nyumbani, habari za watoto, habari za mvua, huku akitikisa tu. Nikabana nami, maana salamu legevu ni dharau. Nilitabasamu. Meno yangu yote yalikuwa nje kwa maumivu, wao wakadhani nimefurahi kuwaona.

Bwana Bildad aliniuliza kama ninatoka harusini au ninakwenda. Wakacheka. Daktari akaandika. Hakuna aliyeniambia nikunjue vidole, hakuna aliyeniambia nivue kiatu. Nilipotoka nje viatu vya Maximilla vilikuwa vimenishinda, nikatembea miguu mitupu mpaka Obunga na lile gauni la mteja wa Waceke.

Jibu lilikuja fupi. Mkono wa kulia una nguvu, mwombaji anafaa kwa kazi nyepesi. Nilirudi hadi dirishani nikamuuliza karani ni kazi ipi hiyo nyepesi. Akafikiri, akaniambia, kwa mfano, kupiga taipu. Nikamtazama. Nikaona kwamba katika jumba lile kazi nyepesi kuliko zote alikuwa tayari ameshaichukua yeye.

Nikakata rufaa. Niliiandika mwenyewe, jioni baada ya jioni, kwa penseli ambayo Walter aliizungushia mpira wa baiskeli mpaka ikawa nene kama gunzi ili niweze kuishika. Wakanipangia siku nyingine, katika likizo ya Agosti.

Mtaa wetu ukafanya kikao. Kosa lilikuwa limejulikana: tumempeleka mgonjwa akiwa mrembo. Sasa wote wakageukia upande wa pili kwa bidii ile ile. Waceke akafukua chini kabisa ya bunda lake akatoa kitu kilichokuwa sweta zamani, chenye tundu mgongoni, akaniambia hiki hakina mteja. Maximilla akashika somo la kuguna. Aliniketisha kwenye kigoda akanisikiliza, akatikisa kichwa.

"Nyar Awasi, huo ni mguno wa kuzaa. Ukiguna hivyo watakuuliza mtoto yuko wapi. Guna kama mtu wa figo."

"Mimi si mgonjwa wa figo, Mama Tom."

"Wao wanajua? Wamekusoma salamu tu, na bado wakakosea. Guna."

Nilicheka hadi mbavu zikauma, na mbavu zilikuwa ndicho kiungo pekee kisichoniuma siku zile. Lakini sweta sikulivaa. Nilifua gauni langu la kawaida la maua, Elsie akanipigia pasi akisimama juu ya debe, na Walter akanisindikiza mpaka lami kabla ya kuwahi baiskeli za watu. Elsie nilikwenda naye. Siku nikiwa na safari ndiye anayenifungulia milango.

Nje ya lango la ofisi, kando ya ua, kulikuwa na mwanamume aitwaye Zadock, akiwa amepanga magongo ukutani kwa urefu, kuanzia ya mtoto hadi ya mtu mrefu. Alikuwa anayakodisha. Alikuwa na bendeji pia, na miwani myeusi, na kiti cha magurudumu kilichobakiza gurudumu moja na nusu. Watu waliingia na gongo, wakatoka, wakarudisha gongo wakaenda zao mbio kuwahi gari. Aliniita kwa upole wa muuza nguo.

"Mama, hivyo hivyo huendi popote. Chukua hili. Limepitisha watu wengi hili. Bodi inalipenda."

Nilimwambia mikono yangu haiwezi kushika gongo. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyekutana na mteja mjinga, akaniambia basi hapo ndipo nilipokosea, kuugua mikono, kwa kuwa bodi inaelewa miguu. Alisema kweli, na ndiyo maana nilimdharau kidogo kuliko niliowakuta ndani. Yeye angalau alitazama kila mtu kwa makini kabla ya kuamua ana ugonjwa gani.

Tulingoja kwenye benchi ya korido mpaka kivuli kikahama. Watatu walirudi kutoka kula wakiwa na vijiti midomoni. Tulipoitwa, Elsie alifungua mlango, akakaa kwenye benchi ya ukutani, mikono mapajani kama kanisani.

Mzee Ogola alinyanyuka nusu, akaninyooshea mkono.

"Misawa, mama," akasema, yaani hujambo kwa Kijaluo.

"Misawa, mzee," nikajibu, na mikono yangu nikaiacha ilipokuwa.

Sijui kama mtu wa mahali pengine anaweza kuelewa ilivyokuwa. Feni iliendelea kuzunguka. Mkono wa mzee ulibaki juu ya meza, juu ya vikombe vyao, bila mwenyewe. Bwana Bildad aliacha kujipepea. Nilihisi mama yangu, na mama yake, wakinitazama kutoka Awasi wakiwa na haya.

"Wewe ni wa nyumba gani?" Mzee Ogola aliuliza. "Hukufunzwa?"

Nilimwambia nilifunzwa. Akamwamuru katibu asome faili, na Bwana Bildad akasoma kwa sauti ya kuchoka: mkono wa kulia una nguvu, mwombaji alimsalimia mwenyekiti vizuri. Ndivyo nilivyogundua kwamba kipimo chao chote kilikuwa hicho. Walikuwa wamekula chakula cha mchana cha mfuko, wamelipwa marupurupu ya mfuko, wamelala hotelini kwa mfuko, na chombo chao cha kupimia kilikuwa adabu ya mwanamke.

"Mzee," nikasema, "siku ile nilikupa heshima. Ninyi mkaiandika kuwa nguvu."

"Unaniita mwongo?"

"Nakuita mzee. Ndiyo maana nilikubana mkono mpaka nikashindwa kuvua nguo usiku, nikavuliwa na mtoto."

Hakupenda kuambiwa hivyo mbele ya walio chini yake. Alisimama wima, akaizunguka meza kwa uzito, akaja mpaka mbele yangu na kunifungulia kiganja kile kikubwa, chenye mafuta ya nyama bado kwenye vidole.

"Basi nisalimie, nione. Kama huwezi, tutaona. Kama hutaki, pia tutaona."

Nilielewa. Nikimpa mkono, nina nguvu. Nikimnyima, nina kiburi, na kiburi hakina fidia. Alikuwa ameridhika sana na mtego wake. Nadhani katika miaka yake yote ya vikao lilikuwa wazo lake la kwanza.

Sikumpa mkono wala sikurudi nyuma. Nilimpita, nikafika mezani, nikasogeza kikombe kwa kiwiko, na nikailaza mikono yangu yote miwili juu ya kitambaa cha bodi, mbele ya yule daktari, viganja chini, kama tulivyolaza samaki kwenye meza ya kiwanda.

"Daktari," nikasema, "mimi sijaja kusalimiwa. Nimekuja kutazamwa."

Wakhisi akainua kichwa. Alikuwa na macho ya kawaida tu, ya mtu aliyesoma sana na kulala kidogo. Alivuta kiti. Alipitisha kidole chake juu ya mafundo ya vidole vyangu, moja baada ya jingine, pale vinapopinda kuelekea upande ambao vidole havipaswi kuelekea, kisha akabonyeza kidogo, kidogo sana, fundo la kidole cha shahada. Sikuguna, hata kwa mguno wa mtu wa figo. Machozi yalitoka yenyewe, yakadondoka juu ya kitambaa chao.

Aliniuliza kama asubuhi huwa ni mbaya zaidi. Nikamwambia aje asubuhi aone. Akauliza ni nani aliyenipima mara ya kwanza. Aliyenipima alikuwa ni yeye. Akakumbuka. Alimnyang'anya Bwana Bildad faili, akaukata ule mstari wa salamu kwa wino, mara mbili, akaandika mwingine chini yake, mrefu, akatia sahihi, akamsukumia katibu aweke muhuri. Bwana Bildad alimtazama mwenyekiti. Muhuri ukalia.

Mzee Ogola bado alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkono wake mbele, kiganja wazi. Alikuwa hajui jinsi ya kuurudisha. Kuushusha ni kukubali kwamba umekataliwa, na hakuna aliyemfundisha kukataliwa. Ningeweza kumsaidia kwa neno moja. Nikalitafuta hilo neno, nikakuta sina hamu nalo.

Elsie alikuwa na malezi mema kuliko sisi sote. Alishuka kwenye benchi, akavuta gauni lake chini, akaenda mpaka kwa mzee, akakishika kile kiganja kwa mikono yake miwili na kukitikisa taratibu.

"Mkono wa mama unauma, nisalimie mimi."